Vidole Visivyosomeka

Alhamisi, ofisi ya pasipoti,
karani aliniambia: weka tena.
Nikaweka. Kidole cha shahada kulia, kisha kushoto,
juu ya kioo chenye mwanga wa kijani.
Mashine ikafikiri. Mashine ikakataa.
"Bibi Hrušková, huna alama."
Akanipa kitambaa nifute, akanipa losheni nipake,
nyuma yangu foleni ikikohoa.

Alama ninazo, kijana.
Ila haziko hapa.

Ziko Brno, kwenye ukumbi wa shule ya muziki,
chini ya chombo cha maua ambacho hakikupaswa kuwekwa pale.
Ziko kwa tajiri mmoja wa Linz asiyejua kupiga hata noti moja.
Kila kifuniko cha piano kilichotoka kiwandani kwetu,
kando ya mto Orlice, miaka thelathini na mmoja,
kimeondoka na kipande cha ngozi yangu.

Watu hudhani weusi ule hupakwa tu, basi.
Hupakwa, ndiyo. Lakeri ikikauka
huwa na vinundu kama ganda la chungwa.
Hapo ndipo huletwa kwangu,
na mimi huichukulia weusi mwingine.

Msasa wetu si ule wa kahawia
unaoparuza mbao asubuhi na kuchoka mchana.
Huu ulizaliwa tanurini: mchanga na koki,
umeme ukivichoma hadi visahau vilikuwa nini,
vikatoka mawe yenye mng'ao wa shingo ya njiwa,
yakapondwa, yakachekechwa.
Mwaka fulani tulipelekwa kuona unavyotengenezwa.
Punje zimelala kwenye mkanda, kimya kama ulezi,
juu yake karatasi inapita, tumbo lake limepakwa gundi.
Fundi akawasha umeme.
Zikasimama.
Zote, zikaruka juu zikitanguliza kitako,
ncha zikabaki nje.
Zdislava alipiga ishara ya msalaba,
yeye ambaye hata Krismasi haendi kanisani.

Punje hiyo ni kali, na ni rahisi kuvunjika,
lakini ikivunjika haiwi butu:
inakatika, inatoa makali mapya.
Nimewajua wanawake wa namna hiyo.
Mimi si mmoja wao.

Mia tatu ishirini kwa mashine. Mia sita.
Mia nane kwa mkono, maji, tone la sabuni.
Kila namba kazi yake
ni kufuta makosa ya namba iliyotangulia
na kuacha yake, madogo zaidi.
Uji mweusi hutiririka hadi kiwikoni.
Lakeri hufifia, huwa kama ubao wa shule uliofutwa vibaya,
na wageni wakipita husikitika,
wanadhani mama huyu ameharibu.
Kisha elfu na mia mbili, kwenye kingo,
kule mashine isikofika,
ambako kipimo ni kidole chenyewe.
Jicho hudanganywa na taa. Kidole hakidanganywi.
Baada ya hapo ni nta, na gurudumu la pamba,
na ghafla uso wangu umo ndani ya kifuniko
ukinitazama, umezeeka tangu Jumatatu.

Yote haya sikumwambia karani.
Nilimwambia tu: binti yangu yuko Valparaíso,
amejifungua, mtoto ana wiki tisa.
Akaandika kitu, akapiga simu, akasubiri,
akasema upo utaratibu
kwa watu wasio na vidole.
Ninavyo, nikasema. Hesabu.

Nikiwa nasubiri muhuri,
mkono wangu ukapita tena juu ya kile kioo,
mazoea tu.
"Kina mkwaruzo," nikamwambia. "Hapo kushoto,
mwembamba kama unywele, unakwenda hivi."
Akainama. Akatazama. Hakuuona.
Akapitisha kidole chake, kipana, chenye alama zote.
Hakuusikia.